Kamera ya mkanda ya mtumba imerudi kwenye chati: kabla hujatoa hela, ijue stori ya lile boksi la studio

Vijana wameanza kuzisaka tena kamera za mkanda, hasa lile boksi lenye macho mawili, moja juu ya jingine, ambalo mpiga picha alikuwa analichungulia kwa juu huku ameinamisha kichwa. Ikipostiwa picha ya mraba kutoka Matema, maji ya Ziwa Nyasa mbele na milima ya Livingstone nyuma, swali la kwanza ni "umetumia filta gani?" Hakuna filta hapo. Ni mkanda.

Ila lile boksi halikuanza kama fasheni. Lilikuwa kazi, na ndilo lililompa mtu wa kawaida nafasi ya kuamua aonekane vipi.

ZAMANI MGENI NDIYE ALIYEAMUA

Picha za zamani za watu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa nyingi zilipigwa na wageni. Daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, alipita huku mwishoni mwa miaka ya 1890 na kamera yake, na mwaka 1906 kikatoka kitabu chake kuhusu nchi ya Nyasa na Ruvuma. Miaka ya 1930 wakaja Godfrey na Monica Wilson, watafiti walioishi kwa Wanyakyusa, na makaratasi na picha zao leo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Ni kazi kubwa, hakuna ubishi. Lakini nani apigwe na asimame vipi, hayo aliyapanga mwenye kamera. Na picha zikaondoka naye.

Studio zikaja kugeuza meza. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Bamako huko Mali, Malick Sidibé alipiga vijana na suti zao, pikipiki zao na pozi zao, mpaka mwaka 2007 akapewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice. Kanuni ya studio ni moja kila mahali: anayelipa ndiye anayechagua pozi. Anataka kushika redio, anashika. Anataka kiti, anakalia.

BOKSI LENYEWE

Mkanda wake unaitwa 120. Kodak waliutoa mwaka 1901 na hadi leo unatengenezwa. Mwaka 1929 kampuni ya Franke & Heidecke ya Braunschweig, Ujerumani, ikaleta Rolleiflex: lenzi ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia. Wasovieti wakatoa Lubitel kwa wenye mfuko mdogo. Wajapani wakatoa Yashica, na ile Mat-124G ya mwaka 1970 ndiyo wengi wanaanza nayo hata sasa.

Negativu yake ni ya sentimita 6 kwa 6, karibu mara nne ya ile ya mkanda mdogo wa kawaida. Ndiyo maana picha ya bibi ukutani bado inaonyesha hadi uzi wa kitenge. Lakini mkanda mmoja unatoa picha 12 tu. Kila ukibonyeza, hela imetoka. Hapo ndipo unaelewa kwa nini wazee wetu wako siriasi kwenye picha: waliambiwa watulie, hakuna kurudia.

Baadaye zikaja maabara za rangi zenye mashine za mkanda mdogo, kisha dijitali, kisha simu. Kodak yenyewe iliomba kinga ya kufilisika Januari 2012. Boksi likawekwa kabatini.

UKITAKA KUNUNUA, ANGALIA HAYA

Kwanza lenzi. Imulike na tochi. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Kyela ni joto na mvua nyingi, kwa hiyo hata kamera nzima ukiitunza vibaya itaota fangasi ikiwa kwako.

Pili shata. Iweke sekunde moja, bonyeza, sikiliza. Ikikwama au ikichelewa kufunga, itahitaji fundi, na mafundi wake wamebaki wachache.

Tatu, usidanganywe na neno "betri imeisha tu". Kipimo cha mwanga cha Mat-124G kilitumia betri ya zebaki ambayo haitengenezwi tena. Habari njema ni kwamba kamera inapiga bila betri. Mwanga unaweza kuupima kwa programu ya simu.

Nne, na hapa ndipo wengi wanalia: nani atakusafishia mkanda? Kamera inanunuliwa mara moja, mkanda na dawa vinanunuliwa kila siku. Nyeusi na nyeupe unaweza kusafisha mwenyewe nyumbani, ila dawa nyingi zinataka nyuzi joto 20. Kwa joto la Matema, andaa beseni na barafu.

KITU CHA THAMANI SIYO KAMERA

Kamera hizi zilitengenezwa kwa wingi. Ukiikosa leo, kesho utaipata nyingine. Kisichopatikana tena ni negativu za wapiga picha wa mitaani: harusi, kipaimara, vijana waliosafiri na kurudi na suti, mama na mtoto wake wa kwanza. Mzee anafariki, chumba kinapangishwa, boksi linachomwa na takataka. Zile za Fülleborn na Wilson ziko ng'ambo. Hizi walizojichagulia pozi watu wenyewe ndizo zinazoliwa na unyevu.

Kwa hiyo ukienda kwa mpiga picha mstaafu kuulizia kamera ya mtumba, usiishie kwenye bei. Muulize na negativu ziko wapi. Zitoe kwenye nailoni, ziweke kwenye bahasha za karatasi sehemu kavu, andika majina mzee akiwa bado anayakumbuka. Kuzinakili ni rahisi: zilaze juu ya mwanga mweupe, piga na simu, geuza rangi.

Kwenu je, lile boksi la negativu bado lipo, au lilishachomwa?