Kinga na bawabu katika ukompaili wenye masharti

kinga nm. [i-/zi-], bawabu nm. [a-/wa-], wingi *mabawabu*. Katika lugha ya programu ya C, mistari iliyo kati ya #ifdef na #endif hupimwa na kichakataji tangulizi. Sharti lisipotimia huondolewa, na kompaila haiioni kamwe.

Ni rahisi kuuita utaratibu huu wote *kinga*. Neno hilo lafaa pale faili la vichwa linapozuiwa lisisomwe mara mbili, kwani hapo pana dhara linalokingwa. Katika viendeshi vya vifaa hali ni nyingine. Fanksheni za kulaza na kuamsha kifaa huweza kufungiwa ndani ya #ifdef CONFIG_PM_SLEEP, ziingie tu iwapo kiini cha Linux kimesanidiwa kuwa na uwezo huo. Huyu ni mlinda mlango, anayeruhusu au kukataa. Kwa hiyo twapendelea *bawabu*.

Nomino, hata hivyo, haina hatari kama kitenzi. *Msimbo huu hautatekelezwa* si sawa na *msimbo huu hautakompailiwa*. Msimbo ulio chini ya if ya kawaida hukaguliwa sintaksia na aina za data hata kama hautatekelezwa. Ule uliokataliwa na bawabu waweza kuficha kosa kwa miaka, hadi mtu abadilishe usanidi. Ndiyo sababu mwongozo wa mtindo wa msimbo wa Linux wahimiza if pamoja na IS_ENABLED panapowezekana, na wataka masharti ya kichakataji tangulizi yahamishiwe faili za vichwa. Mfasiri akivichanganya vitenzi hivi viwili, msomaji hataona kwa nini if ipendelewe.

Tahadhari pia na *imewashwa*. Chaguo la usanidi laweza kuwa y, m au n. Likiwa m, kinachofafanuliwa ni CONFIG_X_MODULE. Basi #ifdef CONFIG_X hukataa, ilhali IS_ENABLED(CONFIG_X) hukubali. Andika *imejengwa ndani ya kiini* kwa y, na *imejengwa kama moduli* kwa m, hata sentensi ikirefuka.

Mwongozo huohuo wataka #endif ya fungu refu ifuatwe na maelezo yanayotaja sharti lake. Maelezo ya msimbo hutafsirika. Jina la CONFIG lililomo halitafsiriwi.