Kitoweo cha Ufuoni: Historia ya Ukarimu wa Papo kwa Papo katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Historia ya Kwale imeandikwa zaidi kwa kufuata mambo yaliyoacha hati: utawala wa madiwani wa Vumba, vita vya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi aliyewapinga Waingereza mwaka 1895 na 1896, kiwanda cha sukari cha Ramisi, na baadaye hoteli za Diani. Matendo madogo ya kufaana, yaani yale ambayo mtu humtendea mwenzake hapo hapo bila kuombwa na bila kuandikiana deni, hayakuacha hati, na kwa sababu hiyo huchukuliwa kuwa tabia njema tu isiyo na historia. Dhana hiyo haiwatendei haki watu wa mwambao huu. Kuanzia Likoni hadi Vanga, mpakani na Tanzania, ukarimu wa aina hiyo ulikuwa na mahali pake, majira yake na kanuni zake, na mabadiliko yake yamefuatana kwa karibu zaidi na mabadiliko ya umiliki wa ardhi na ya soko la samaki kuliko na mabadiliko yoyote ya nyoyo za watu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kitoweo. Nyumbani, kitoweo ni chochote kinacholiwa pamoja na wali au ugali. Lakini kwenye bandari za wavuvi, ambazo katika pwani hii ni kipande cha ufuo tu vinapoegeshwa vyombo, kama vile Mwaepe huko Diani, Mkunguni huko Msambweni, na Gazi, Shimoni na Vanga, jina hilo hutajwa pia kwa samaki anayetengwa kwa ajili ya kuliwa na kugawiwa, kabla pato la siku halijauzwa. Chanzo cha desturi hii kimo katika kazi yenyewe. Mtumbwi au ngalawa ni mzito kwa mikono ya watu wawili au watatu waliotoka kuvua usiku kucha, na kwa kuwa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita tatu, chombo kinachochelewa kurudi hupwelewa mbali na nchi kavu. Kukipandisha mchangani, kama ilivyo kukishua alfajiri, kunahitaji watu zaidi ya mabaharia wake, na watu hao ni yeyote aliyepo: mpita njia, kijana anayesubiri wenzake, mwanafunzi aliyetoka madrasa. Aliyetia mkono kwenye chombo hakuondoka mikono mitupu.

Lau mambo yangeishia hapo, kitoweo kingekuwa ujira mdogo tu, na mwanahistoria wa kazi angetosheka na maelezo hayo. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kiliwafikia pia wasiotia mkono: mjane, mvuvi mzee ambaye macho yake hayamruhusu tena kwenda baharini, mtoto aliyetumwa na mama mgonjwa. Hapa utaratibu wa ugawaji unaeleza mengi. Pato la chombo hugawanywa kwa mafungu, fungu la chombo chenyewe, fungu la nyavu, na mafungu ya nahodha na mabaharia wake, na mgao huo ndio unaoweza kuzua ugomvi, kwa maana kila mmoja anajua haki yake. Kitoweo hutangulia mgao. Samaki anayetolewa wakati huo bado si wa mtu fulani, hivyo anayempokea hawi mdaiwa wa yeyote, wala hakuna anayeweza kumkumbusha kesho. Ni vigumu kupata mpango uliobuniwa kwa hekima zaidi ya kumsaidia mhitaji bila kumvunjia heshima, na inafaa kusemwa wazi kwamba waliuunda wavuvi, si wanazuoni wala serikali.

Majira nayo yalikuwa na sauti. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, upepo wa kusini huchafua bahari, vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba wa matumbawe na samaki huadimika, na hapo ndipo kitoweo kidogo kilipokuwa na uzito mkubwa. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, na pamoja na utulivu huo walikuja wageni wa dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi waliosafiri mbali na kwao, wengi wao kutoka Pemba. Wenyeji wa Shimoni, Funzi na Gazi waliwaonyesha wageni hao mahali pa kukita kambi na kisima cha kuteka maji, na baadhi ya wageni walioa na kubaki. Uhusiano huo haukuwa shwari siku zote, na katika miongo ya karibuni, nyavu kubwa za kuzungushia samaki zimeleta mizozo mikali. Hata hivyo mizozo hiyo inahusu zana na wingi wa samaki, na ni nadra kusikia kwamba mgeni alinyimwa maji.

Maji yanastahili neno la peke yake. Sehemu kubwa ya ukanda huu imelala juu ya mwamba wa matumbawe, ambamo maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi, na kisima huchimbwa kwa jasho jingi kupita jiwe hilo. Msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe kwenye mlango wa Mto Mwachema huko Diani na unaoswaliwa hadi leo, ni ushahidi wa jinsi makazi ya kale yalivyofuata maji. Uislamu, ambao ulienea miongoni mwa Wadigo, wenyeji wa mwambao huu, hasa katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, uliipa desturi ya kutomnyima mtu maji msingi wa kidini kupitia sabili, yaani kitu kinachotolewa kwa njia ya Mungu ili kila mtu akitumie bila malipo. Hali kadhalika katika mazishi: jeneza linapopita njiani, mwanamume asiyemjua marehemu hupokea bega moja, hulichukua hatua chache, kisha humwachia mwingine na kuendelea na safari yake.

Bara kidogo, kwenye vilima vya Shimba na nchi kavu ya Kinango wanakoishi Waduruma wengi, msaada ulichukua sura ya kazi zaidi kuliko chakula. Mweria, kazi ya pamoja ambapo majirani hulima shamba la mmoja wao naye akawalisha, ulipangwa mapema na hivyo haukuwa wa papo kwa papo, ila uliwazoesha watu kuacha jembe lao na kushika la mwenzao.

Historia hii haipaswi kupambwa. Katika karne ya 19, ghuba zile zile ambako kitoweo kilitolewa ziliona watumwa wakisafirishwa na kufanyishwa kazi mashambani. Wakati wa njaa kubwa, kama ile ya miaka ya 1898 hadi 1900 iliyoikumba sehemu kubwa ya mashariki ya Kenya, familia za Wamijikenda, ambao Wadigo na Waduruma ni miongoni mwao, zililazimika nyakati fulani kuweka watoto rehani kwa wenye nafaka ili wote wasife. Ukarimu wa papo kwa papo uliweza kuziba pengo la siku moja, au la msimu mmoja wa kusi. Pengo la miaka miwili ya ukame lilikuwa nje ya uwezo wake, na anayeusifu bila kutaja mpaka huo huwasahau walioachwa upande wa pili.

Mabadiliko makubwa yalianzia mahali pasipotarajiwa, kwenye sheria ya ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliruhusu watu binafsi kudai na kusajili umiliki katika ukanda wa pwani, huku madai ya jamii za Wamijikenda juu ya ardhi zao za pamoja yakikosa kutambuliwa. Kwa njia hiyo ardhi ya mbele ya bahari huko Diani iligeuka kuwa viwanja vya watu binafsi, na utalii uliposhamiri baada ya uhuru, hoteli na nyumba za kifahari zilijipanga ufuoni kwa kilomita nyingi. Wakati huo huo, barabara ya Likoni hadi Lungalunga, barafu na majokofu vilimwezesha tajiri, jina ambalo wavuvi humpa mnunuzi mkubwa anayewakopesha nyavu na pesa, kudai pato lote kabla halijafika nchi kavu. Samaki mwenye mdai anayemsubiri ufuoni si rahisi kumtoa bure. Waliobanwa zaidi ni kina mama karanga, wanawake wanaokaanga samaki wadogo na kuwauza mitaani, kwa kuwa wao walitegemea samaki ambao sasa tajiri huwachukua mbele yao.

Kanuni za mwaka 2007 zilizounda vikundi vya usimamizi wa fukwe zilileta uandikishaji wa wavuvi na rekodi za mavuno. Hatua hiyo ilikuwa na faida kwa uhifadhi, lakini kitoweo kikabaki jambo la pembeni, kwa sababu rekodi huandika kilichopimwa kwenye mizani, na samaki aliyekwenda kwa mjane hajapimwa. Huko Gazi, ambako nyumba za kijiji bado zinakaribiana na ghuba, desturi hii ina nafasi ya kuendelea kwa sababu mhitaji anaweza kuwapo chombo kinapofika. Huko Diani hali ni tofauti. Katiba ya mwaka 2010 inahesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma, kwa hiyo mchanga ambapo kitoweo hutolewa ni wa wananchi wote. Lakini mama mzee anayetoka mji jirani wa Ukunda na kikapu chake hufika kwenye mchanga huo kwa vichochoro vyembamba vilivyobaki kati ya kuta za viwanja, na kila kichochoro kinachozibwa humwongezea safari.