Wenye Heri Wanne wa Baraka na Fizi: Historia Fupi ya Jimbo la Uvira

Wanaohiji Baraka na Fizi huwaombea jamaa zao heri: uzazi, riziki ya ziwani, kijana aliyechukuliwa na vita arudi nyumbani. Wanaombea mahali palipomwagika damu.

Ufuo huu wa Ziwa Tanganyika umesikia misa tangu zamani. Mapadri Weupe walifungua kituo Mulweba, Masanze, mwaka 1880, kisha mwaka 1883 wakahamia Kibanga, rasi ya Ubwari. Wamisionari Waksaveri wa Italia walifika mwaka 1958, na tarehe 16 Aprili 1962 likaundwa Jimbo Katoliki la Uvira, askofu wake wa kwanza akiwa Danilo Catarzi.

Miaka miwili baadaye, Mei 1964, waasi wa Simba, waliokuwa wakipigana na serikali ya Kongo, waliiteka Uvira. Mji ulikombolewa Oktoba, lakini Baraka na Fizi zilibaki mikononi mwa waasi. Jumamosi tarehe 28 Novemba, kiongozi mmoja wa waasi alifika na gari kwenye misheni ya Baraka, akamwamuru Bruda Vittorio Faccin apande. Bruda alikataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha. Alitoka, akamkuta mwenzake chini, akapiga magoti kando yake akisema afadhali afe naye, na hapo hapo akauawa. Usiku ule Fizi nako mlango uligongwa. Padri Giovanni Didonè alifungua, akauawa, na Abe Albert Joubert pamoja naye.

Waksaveri hao watatu wa Italia walikuwa vijana: Faccin 30, Carrara 31, Didonè 34. Joubert alikuwa na miaka 56, na naona sifa zake hazijatajwa vya kutosha. Alikuwa mzaliwa wa ufuo wa ziwa hili, Mrumbi upande wa Moba, mwaka 1908. Baba yake ni yule Kapteni Joubert, Mfaransa aliyeshika bunduki kuwakinga watu wa Mpala dhidi ya wakamata watumwa. Mama yake ni Agnès Atakaye, Mwafrika wa huko huko. Alipadirishwa mwaka 1935. Kwa hiyo tusiseme kamwe kwamba waliokufa siku ile wote walikuwa wageni.

Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri. Miezi michache kabla, maji ya ziwa yalikuwa yamepanda na kuingia majumbani mwa watu, na Kivu ilikuwa vitani. Waumini walikuja hata hivyo. Ningependa watoto wetu wa katekesimu walijue jina la Agnès Atakaye kama wanavyolijua la mwanawe.