Njia Fupi na Njia Nafuu

Sisi wakazi wa Nsemulwa tumefundishwa na reli kwamba njia hufuata haja ya aliyeijenga, si ya msafiri. Tawi la Kaliua hadi Mpanda lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ili kubeba madini ya risasi. Mtu wa hapa aliyetaka kwenda Kigoma kwa gari moshi ilimlazimu kwanza apande kaskazini hadi Kaliua. Historia ya intaneti katika Afrika Mashariki naiona kuwa ya namna hiyo hiyo.

Mwaka 1989 wahandisi wawili, Kirk Lougheed na Yakov Rekhter, walichora juu ya karatasi za kufutia mikono kanuni iitwayo BGP. Hadi leo ndiyo inayoiongoza mitandao katika kupokezana habari. Kanuni hiyo haiulizi njia ipi ina kasi. Hutazama matakwa ya mwenye mtandao, kisha idadi ya mitandao itakayopitiwa. Ndiyo maana kampuni huweza kuchagua njia iliyo nafuu kwake na ndefu kwa mteja, au kumtupia jirani mzigo mapema, kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Kenya inatupa mfano. Kabla ya KIXP, barua pepe kati ya kampuni mbili za Nairobi iliweza kupanda kwenye setilaiti, ikafika ng'ambo, ndipo irudi. Setilaiti hizo ziko karibu kilomita 36,000 juu. Kupanda na kushuka mara moja hula robo ya sekunde, na swali na jibu la majirani hao lilihitaji safari nne. Novemba 2000 watoa huduma walifungua KIXP, kituo cha kukutania. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya nje, ikalalamika, mdhibiti akakifunga. Kilifunguliwa tena 2002. Tanzania ilifuata kwa TIX, Dar es Salaam, mwaka 2004.

Naam, kituo kimoja ni rahisi kukisimamia. Lakini mitandao miwili ya Mpanda isipokutana kwingine, ujumbe wa jirani kwa jirani utakwenda pwani, zaidi ya kilomita 1,000, na kurudi. Katika mkongo muda huo ni mdogo, wala hautuumizi. Kinachoumiza ni kwamba mkongo ukikatika njiani, majirani hawasikilizani. Kujenga kituo kila mji nako ni gharama. Basi uamuzi ni wa kupima, nasi tunaokaa mwisho wa reli tungependa tuwepo wakati wa kupima.