Rangi moja, majina kumi: historia ya kulinganisha rangi za kope

Katika masoko yetu ya Kivu, kuanzia Virunga kule Goma hadi Kadutu kule Bukavu, viboksi vya rangi za kope vinauzwa kando ya sabuni, mafuta ya kupaka na nywele za bandia. Kila kiboksi kina jina lake: kimoja shaba, kingine asali, kingine chokoleti. Ukivifungua vyote juani, mara nyingi unakuta kahawia ile ile.

Kwa mwenye pesa nyingi hilo ni jambo dogo. Lakini wako dada na wamama waliokimbia vijiji vyao ambao leo wanalisha watoto kwa kupamba mabibi harusi. Kwao kiboksi cha rangi ni sawa na jembe. Anayenunua kahawia tatu akidhani ni rangi tatu amekula mtaji wake bila kujua, na siku mteja akitaka kijani, hana cha kumpaka.

Ndiyo sababu leo, wasikilizaji na wasomaji wetu, tunawaletea historia fupi ya namna watu walivyojifunza kulinganisha rangi zinazofanana. Ni elimu ya zamani, na haidai mashine wala shule kubwa.

Mawe mawili ya Misri

Zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, watu wa bonde la mto Nile walisaga mawe ya rangi juu ya vibao bapa, wakachanganya unga wake na mafuta, wakajipaka machoni, wanaume kwa wanawake. Kibao mashuhuri kuliko vyote ni cha mfalme Narmer, cha mnamo mwaka 3100 kabla ya Kristo. Upande wake mmoja una duara lililochimbwa kidogo, mfano wa mahali pa kusagia rangi.

Rangi kuu za macho zilikuwa mbili. Kijani kilitoka kwenye malakiti, jiwe la shaba lililochimbwa huko Sinai. Ni jiwe lile lile ambalo mafundi wa Lubumbashi na Kolwezi wanalichonga kuwa mikufu na visanduku. Nyeusi ilitoka kwenye galena, jiwe lenye madini ya risasi. Kiswahili nacho kimehifadhi kumbukumbu ya biashara ya wanja: tunasema "wanja wa manga", na Manga ni Uarabuni, ng'ambo ya bahari.

Mwenye mawe mawili, moja la kijani na moja jeusi, hawezi kununua rangi moja mara mbili bila kujua. Shida ilikuja na viwanda.

Rangi nyingi za kope za leo zinatoka kwenye unga wa aina chache tu. Oksidi za chuma, ambazo ni ndugu wa kutu, hutoa nyekundu, njano na nyeusi. Titani hutoa nyeupe. Mika, jiwe linalobanduka kama karatasi, hutoa mng'ao; tangu miaka ya 1960 viwanda vimejua kuifunika kwa titani ili ing'ae kama lulu. Changanya nyekundu, njano na nyeusi, unapata kahawia. Ongeza njano kidogo, unapata kahawia nyingine. Kiwanda kikibadilisha kipimo kidogo, kinaweza kubadilisha jina lote, na jina ndilo linalouza.

Jirani anadanganya jicho

Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa kazi ya kusimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, mjini Paris, ambako mapazia makubwa ya ukutani yalifumwa. Huko alikuta malalamiko: nyuzi nyeusi hazina nguvu, hasa zikifumwa karibu na bluu na zambarau. Chevreul alichukua sufu nyeusi ya Gobelins akailinganisha na ya karakana nyingine. Haikuwa dhaifu. Ilionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizokaa jirani nayo. Mwaka 1839 alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo.

Somo hilo linatufaa sokoni. Kahawia iliyowekwa kando ya nyeupe inaonekana nzito. Kahawia hiyo hiyo ikiwekwa kando ya nyeusi inaonekana nyepesi. Ndiyo maana viboksi viwili vyenye rangi moja vinaweza kuonekana tofauti kabisa: umepima majirani, hujapima rangi yenyewe.

Maswali matatu

Mwaka 1905, Albert Munsell, mwalimu wa sanaa wa Boston kule Marekani, alichapisha utaratibu wa kueleza rangi bila kutegemea majina. Alisema kila rangi ijibu maswali matatu. Kwanza, ni ya ukoo gani: nyekundu, njano, kijani, bluu au zambarau? Pili, ni nyeupe au nyeusi kiasi gani? Tatu, ni kali au imefifia?

Kahawia mbili zikijibu sawa maswali yote matatu, ni rangi moja, hata kama moja inaitwa asali na nyingine machweo. Kwa rangi za kope tuongeze swali la nne: inang'aa au haing'ai? Mara nyingi tofauti pekee iko hapo. Kama unayo ya kung'aa, isiyong'aa inaweza kuwa na kazi yake, lakini nunua ukijua hivyo.

Namba zilizo nyuma ya kiboksi

Kuanzia mwaka 1924, huko Bradford, Uingereza, chama cha mafundi wa kutia rangi kilianza kuchapa orodha kubwa ya rangi za viwandani. Siku hizi kila rangi ya orodha hiyo ina namba, na namba hizo zinaandikwa kwenye vipodozi vingi baada ya herufi CI. CI 77491 ni oksidi ya chuma nyekundu, 77492 ni njano, 77499 ni nyeusi. CI 77891 ni titani, 77019 ni mika. CI 77288 ni kijani cha kromu.

Namba hazikwambii kipimo, kwa hiyo namba zile zile zinaweza kutoa kahawia nzito au nyepesi. Tena ukiona alama +/-, maana yake ni kwamba rangi zinazofuata huenda zimo au hazimo. Lakini viboksi vitano vyenye namba za chuma peke yake vinakuonya kwamba umebaki kwenye ukoo mmoja.

Pasipo na maandishi yoyote, kuwa mwangalifu. Wanja wa galena bado unauzwa mahali pengi duniani, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa hiyo usimpake mtoto wanja usiojua umetengenezwa kwa nini.

Namna ya kulinganisha

Chukua karatasi nyeupe. Pakaza alama ndogo ya kila rangi uliyo nayo nyumbani, andika kando yake imetoka kiboksi gani, kisha nenda nayo sokoni. Muombe muuzaji akuruhusu kupakaza rangi mpya karibu kabisa na ile unayofikiri zinafanana, bila nafasi katikati. Funika rangi nyingine zote kwa mkono, kama Chevreul alivyotufundisha.

Toka kwenye mwanga wa jua. Chini ya mwavuli mwekundu au turubai la bluu kila rangi inabadilika. Mwisho jaribu zote mbili mkononi, juu ya ngozi, kwa sababu rangi nyepesi mbili zinazotofautiana kwenye karatasi zinaweza kuwa kitu kimoja kwenye ngozi nyeusi. Usijaribu machoni kwa kiboksi ambacho kila mpita njia amekigusa. Ugonjwa wa macho unaambukiza.

Usipouona mpaka kati ya alama mbili, rangi hiyo unayo tayari. Rudisha kiboksi, mshukuru muuzaji, na franka ulizotaka kulipia kahawia ya tatu zitafute kijani ambacho huna.