Vidole Kabla ya Skrini

Kijana akija kwangu Temeke kujifunza kutengeneza biti, siku za mwanzo namgeuzia skrini ya kompyuta ukutani. Anabaki na Maschine tu mbele yake: pedi 16 za mpira, nne kwa nne, vitufe kadhaa vya kuzungusha, basi. Wengi hununa. Wamezoea kuuona mdundo kabla ya kuusikia, umepangwa kwa vijisanduku vya rangi kutoka kushoto kwenda kulia, na wanaamini kazi yote ni kuvipanga vikae sawa. "Sasa kaka, nitajuaje nimefika wapi?" mmoja aliniuliza. Nikamwambia asikilize.

Sina ugomvi na kompyuta. Bila hiyo kifaa chenyewe ni bubu. Chomoa waya uone kama kitatoa hata mlio. Lakini zile pedi hazikuwekwa pale kwa urembo. Zina ukoo, na nimeona kwamba kijana akishasimuliwa ukoo huo anaacha kununa.

Tuanzie Los Angeles, mwaka 1980. Mashine za ngoma zilikuwepo tayari, ila sauti zake zilizalishwa na saketi za umeme na hazikufanana na ngoma yoyote iliyowahi kupigwa na binadamu. Mpiga gitaa mmoja, Roger Linn, akarekodi ngoma halisi na kuzihifadhi kwenye chipu za kumbukumbu. Mashine yake, LM-1, ilikuwa na sauti 12. Matuazi makubwa hayakuwemo: mlio wake ni mrefu, na kumbukumbu ilikuwa ghali mno kuuhifadhi wote. Bei ilikuwa karibu dola 5,000, na zikatengenezwa kama 500 tu. Prince alikuwa nayo, na mwaka 1984 dunia nzima iliisikia kwenye "When Doves Cry", wimbo usio na besi kabisa, ngoma zikiwa zimebeba mzigo peke yake.

Jambo kubwa zaidi Linn alikutana nalo njiani. Kwa kubana kumbukumbu, programu yake ya mwanzo iliweza kukumbuka pigo katika nafasi 16 tu ndani ya baa. Ukipiga mapema kidogo, au ukichelewa, mashine ilikusogeza hadi nafasi iliyo karibu. Akasikiliza alichorekodi, akakuta mdundo umenyooka kuliko mkono wake ulivyopiga. Hicho ndicho tunachokiita leo kukwantaizi, na chanzo chake ni uhaba. Kisha akagundua kwamba akichelewesha kidogo kila nafasi ya pili, mdundo unaanza kuyumba kwa raha. Akakipa kiyumbo hicho namba: asilimia 50 ni mnyoofu kabisa, 66 ni theluthi. Utamu uko katikati. Ukiweka 54 hakuna atakayekwambia biti yako ina swingi, ila utaona bega lake linatikisika.

Huku kwetu mwaka ule wa 1980 kompyuta ilikuwa bidhaa ya marufuku. Tangu 1974 serikali ilikuwa imezuia kuingizwa nchini kwa kompyuta na televisheni, na jina rasmi la mashine ya Linn lilikuwa na neno kompyuta ndani yake. Watu wa forodha wasingehitaji sababu nyingine. Muziki wetu ulirekodiwa kwa sehemu kubwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na mpiga drum alijifunza kwa kukaa nyuma ya mpiga drum mwingine mpaka siku mwenzake anaumwa.

Linn aliendelea. Mwaka 1982 akatoa LinnDrum, mwaka 1984 Linn 9000 iliyokuwa na pedi 18 zinazosikia nguvu ya kidole. Programu ya mashine hiyo ilikuwa na matatizo, na kufikia 1986 kampuni yake ilikuwa imefungwa. Akai ya Japani ikamchukua. Mwaka 1988 ikatoka MPC60, na hapo ndipo lilipozaliwa umbo ambalo limekaa mezani kwangu: pedi 16, nne kwa nne, kubwa kiasi cha kupigwa kwa vidole viwili bila kugusa jirani. Umbo hilo halijabadilika tangu hapo. Kila kitu kingine kimebadilika.

Mpinzani wake alikuwa SP-1200 ya E-mu, iliyotoka mwaka mmoja kabla. Hii nawasimulia vijana kwa kirefu maana hawaamini. Muda wote wa kurekodi ndani yake ulikuwa sekunde 10. Si kwa sauti moja. Kwa kila kitu: ngoma, besi, kipande cha tarumbeta, vyote. Na hakuna sampo moja iliyoruhusiwa kupita sekunde mbili na nusu. Maprodyuza wa New York wakabuni ujanja. Walichukua santuri ya kasi ya 33, wakaicheza kwa kasi ya 45 wakati wa kurekodi ili ichukue muda mfupi, halafu wakaishusha tena ndani ya mashine. Mashine yenyewe ilikuwa ya biti 12, biti za kompyuta si za muziki, kwa hiyo sauti iliposhushwa ilirudi na mchanga ndani yake. Ule ukwaruzo wa ngoma za hip hop za miaka ile, ambao leo vijana wananunua programu za kuuiga, ni uchafu uliotokana na kubana sekunde. Nikiwa na mwanafunzi mvivu wa kuchagua, namwekea sheria hiyo hiyo: sekunde 10, maliza biti. Anapiga kelele, lakini anamaliza. Yule niliyempa maktaba nzima ya sauti anakuwa bado anajaribu kiki ya mia.

Biti hizo zilitufikia Dar es Salaam zikiwa tayari zimeiva. Mwaka 1991 Saleh J alishinda shindano la Yo Rap Bonanza kwa kurap Kiswahili juu ya "Ice Ice Baby", na kwa miaka kadhaa ndivyo ilivyokuwa: maneno yetu, mdundo wa watu, kutoka upande wa pili wa kaseti. Redio na televisheni binafsi zilipoanza, Radio One na ITV mwaka 1994, nyimbo za nyumbani zikapata pa kupigwa, na studio zikapata sababu ya kununua vyombo. Ndipo majina ya maprodyuza P-Funk na Master J yakaanza kusikika ndani ya nyimbo zenyewe. Prodyuza alikuwa mtu mmoja, chumba kimoja, na hukuruhusiwa kugusa kitu. Ulikaa kwenye benchi, ukatazama mgongo wake.

Wanaoandika historia hii huwa wanaruka watu wa mchiriku, na mimi hilo linanikera. Vikundi kama Jagwa Music, vilivyoanza miaka ya 1990 mwanzoni, vilichukua kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho Ulaya alinunuliwa mtoto, vikakiunganisha kwenye spika za honi na kukipandisha mpaka kikapasuka sauti, juu ya ngoma za Kizaramo zinazopigwa kwa mikono. Hakuna aliyewafundisha. Huo ulikuwa ni uzalishaji wa biti kwa kifaa, uwanjani, usiku kucha, miaka mingi kabla ya kompyuta kufika Manzese. Inafurahisha kwamba Jamaika nao walikuwa wamefanya kitu cha jamaa mmoja: mdundo wa "Sleng Teng" wa 1985, uliobadilisha rege nzima, ulitoka kwenye kitufe cha mdundo uliopangwa tayari katika Casio MT-40.

Kizazi changu tulipita njia nyingine. MPC tuliziona kwenye video tu. Kilichotufikia ni FruityLoops, programu ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1990 na kubadilishwa jina kuwa FL Studio mwaka 2003. Kwetu ilikuja kwenye CD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na sitajifanya niliilipia. Kompyuta ilikuwa ya mjomba, ya kuchapia barua. Ukifungua unakuta safu ya vijisanduku 16 kwa kila ngoma. Unawasha kisanduku cha 1, cha 5, cha 9, cha 13, tayari kiki inatembea. Mtoto wa darasa la tano anaweza. Ndiyo maana muziki wa nyumbani ulilipuka Tanzania na Kenya kwa pamoja, na ndiyo maana kwa muda mrefu biti nyingi zilinyooka kama rula. Marekani walianza na vidole wakafika kwenye skrini. Sisi tulianza na mausi.

Mwaka 2009 mambo mawili yalitokea, na kwangu yameungana. Native Instruments ya Berlin, kampuni iliyokuwa ikijulikana kwa programu, ilitoa Maschine: pedi 16 na skrini mbili ndogo kwenye kifaa, lakini akili yote ndani ya kompyuta. Akai wenyewe walifuata njia hiyo miaka mitatu baadaye kwa MPC Renaissance. Na Julai ya mwaka huo huo mkongo wa SEACOM uliwashwa, intaneti ya Dar es Salaam ikaacha kupitia setilaiti peke yake. Masomo ya video, ambayo zamani uliyasubiri yapakie huku unakunywa chai, yakaanza kuangalika. Mashine yangu ya kwanza niliinunua mkononi mwa mtu aliyerudi kutoka Ulaya, pedi moja imekufa, ile ya chini kushoto, ambayo kwa desturi ndiyo ya kiki. Nikaihamishia kiki pedi ya pili, na mpaka leo kidole changu kinaitafuta hapo.

Kujifunza pedi baada ya mausi ni kazi ya kudhalilisha. Unajua kila kitu na mkono haujui chochote. Maschine hupanga sauti kwa makundi, 16 kwa kila kundi, kila sauti na pedi yake. Ukirekodi mzunguko wa baa mbili unaongeza ngoma moja moja juu ya zilizotangulia huku mashine ikizunguka. Nawafundisha kiki kwanza, halafu wakae nayo. Wiki ya kwanza hairuhusiwi kukwantaizi. Baadaye wanakwantaizi nusu, maana kifaa kinaweza kukusogeza nusu ya safari kuelekea nafasi sahihi na kukuacha hapo, na hapo katikati ndipo mkono wa mtu unapobaki kutambulika.

Lakini kuna mahali ukoo huu wa Linn unanishinda kukubaliana nao. Mimi ni mtu wa Tanga. Chakacha niliyoisikia harusini utotoni inakwenda kwa sita, na gridi ya 16 haina nafasi yake. Wanafunzi hudhani dawa ni swingi: weka 66, si ndiyo theluthi? Hapana. Swingi inasogeza pigo la pili la kila jozi mpaka theluthi ya mwisho. Theluthi ya katikati inabaki tupu, hakuna pigo linaloweza kukaa pale hata ukizungusha kitufe mpaka mwisho. Na chapuo ya chakacha inaishi palepale katikati. Ukitumia swingi unapata rege iliyochoka. Dawa ni kuibadilisha gridi yenyewe iende kwa theluthi, nafasi 12 badala ya 16, na mashine inakubali bila shida. Inakubali, ila haikupendekezei. Kila ukifungua wimbo mpya inarudi kwenye nne kwa nne zake, na kijana asiyeambiwa atatengeneza biti miaka kumi bila kujua kwamba mlango huo upo.

Vijana wa singeli walilitatua jambo hili kwa njia ambayo mimi nisingethubutu. Walichukua vipande vya vinanda vya taarabu, wakavikimbiza mpaka mapigo 200 kwa dakika na zaidi, na kwa kasi hiyo sikio halina muda wa kuuliza kama ni nne au sita. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", na midundo iliyotengenezwa Dar es Salaam kwa kompyuta za bei rahisi ikaanza kutikisa kumbi za Ulaya. Nimewatazama wakipiga jukwaani. Pedi hawana. Wanapiga herufi za kibodi ya kompyuta mpakato kwa vidole vyote, kwa hasira, na baadhi ya herufi zimefutika.

Nimekuwa nikitengeneza kundi langu la sauti 16 kwa ajili ya wanafunzi, gridi ikiwa imeshawekwa kwenye 12: chapuo, vumi, msondo, makofi ya akina mama, njuga. Chapuo nimeirekodi mapigo mengi tofauti kwa nguvu ya kidole, na inajibu vizuri. Vumi ndiyo inayonisumbua. Pigo lake fupi nimelipata, lakini mpigaji hodari huliacha lilie kisha hulikata kwa kiganja, na kwenye pedi mambo hayo mawili yanahitaji vidole viwili, kimoja kuanzisha na kingine kunyamazisha. Kwa sasa nimeyaweka pedi ya 9 na ya 10 katika kundi moja la kukatana, ili ukigusa ya pili ya kwanza inyamaze. Wasichana wawili ninaowafundisha sasa wanaipiga vizuri kuliko mimi.