Tai, Mtoto na Bastola

Juma hili nawapeleka Marekani, ambako katika nyumba nyingi bastola hulala kwenye droo ya chumbani kama tochi. Swali linalowaumiza kichwa wazazi wa huko ni hili: mtoto akiikuta, atafanya nini?

Mwaka 1988, Bi. Marion Hammer wa Florida, mtetezi hodari wa haki ya kumiliki silaha, aliwaandalia watoto wadogo mafunzo kupitia chama cha wenye bunduki, NRA. Mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama hicho. Mwalimu wa mafunzo yale ni tai wa katuni, Eddie Eagle, naye ana maagizo manne tu: simama, usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima. Ni wito mfupi, unashikika upesi. Sisi wa redio twaujua utamu wake. Ghala la silaha la jeshi lilipolipuka Mbagala, Dar es Salaam, Aprili 2009, tuliwaambia watoto karibu maneno yale yale kuhusu vyuma vilivyotapakaa mitaani.

Lakini mtoto kukariri ni jambo moja, kutenda ni jambo jingine. Mwaka 2001 watafiti wa Atlanta walichapisha jaribio ambalo kila nikilisoma mwili hunisisimka. Waliwachukua wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, wakawaingiza chumbani katika makundi madogo 29, wenyewe wakiwatazama kupitia kioo. Droo moja ilikuwa na bastola za kuchezea maji. Nyingine ilikuwa na bastola ya kweli, haina risasi, imefungwa kifaa cha kujulisha kama kifyatulio kimevutwa. Makundi 21 yaliiona. Kati ya hayo, 16 waliishika, na katika makundi 10 alikuwapo aliyefyatua. Je, hawakufundishwa? Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuifyatua walisema wamewahi kupewa mafunzo fulani ya usalama wa bunduki!

Kule North Dakota nako, mwaka 2004, watafiti waliwapima watoto wa miaka 4 na 5. Waliosomeshwa na tai walijua kueleza la kufanya, lakini walipoachwa peke yao na bastola, maneno yaliwatoka. Waliofanyishwa mazoezi kwa vitendo, tena na tena, walifanya vizuri zaidi, ingawa si wote.

Kwa hiyo simlaumu tai. Wito wake si mbaya. Ninachokikataa ni kumpa mtoto wa miaka minne kazi ya mlinzi wa usiku, hali ufunguo wa droo anao baba yake. Florida yenyewe ililiona hilo mapema. Mwaka 1989, baada ya watoto kadhaa kupigwa risasi nyumbani katika muda mfupi, jimbo hilo lilikuwa la kwanza Marekani kutunga sheria ya kumshtaki mtu mzima anayeacha bunduki yenye risasi mahali pa kufikiwa na mtoto aliye chini ya miaka 16. Mwaka mmoja tu baada ya tai! Majimbo kadhaa yalifuata. Mengine, hadi leo, hayana sheria kama hiyo.